Bwana Van Dyke, Mwongoza Picha wa Mara Moja

Hapana shaka kila mmoja wetu amepata kuona picha za senema. Baba zetu walioanza shule baada ya Uhuru wa mwaka 1975 hutuambia juu ya magari ya serikali yaliyozunguka vijijini yakionyesha picha usiku juu ya kitambaa cheupe, watu wamekaa chini mchangani. Sisi vijana wa leo twaziona katika banda la video, au katika simu iliyoshikwa na mmoja na kutazamwa na watano. Lakini picha ikiisha twataja wachezaji tu: yule aliyepigana, yule aliyeimba, yule aliyekufa. Ni wachache wanaouliza habari za mtu aliyesimama nyuma ya kamera akisema "Anzeni" na "Basi". Mtu huyo ndiye mwongoza picha. Yeye ni kama nahodha chomboni: matanga hayavuti kwa mkono wake, lakini chombo kikifika au kikipanda mwamba, jina linaloulizwa ni lake.

Leo nataka kueleza kazi ya mwongoza picha mmoja wa Marekani, Bwana Woodbridge Strong Van Dyke, ambaye wenzake walimwita Woody. Nimemchagua kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba alisifiwa kuliko wengi kwa kumaliza kazi upesi na kwa gharama ndogo, na sisi wanafunzi twapenda sana kujua siri ya watu wa namna hiyo. Sababu ya pili ni kwamba katika mwaka wa 1929 mtu huyu alikuja huku kwetu Afrika ya Mashariki, na picha alizochukua zilikaa machoni pa watu wa dunia kwa miaka mingi. Basi tukiichunguza haraka yake tutaona faida yake, na tutaona pia ni nani aliyeilipia.

Utoto na mafunzo yake

Van Dyke alizaliwa San Diego, katika nchi ya California, tarehe 21 Machi 1889. Baba yake, aliyekuwa hakimu, alifariki wakati wa kuzaliwa kwake, hata mtoto hakupata kumjua. Mama yake, Laura Winston, alirudi katika kazi yake ya zamani ya kucheza michezo ya jukwaani, akisafiri mji hata mji. Mtoto akasafiri naye, na akiwa bado mdogo sana akaanza kucheza mwenyewe. Alipokuwa kijana alifanya kazi za kila namna: alikata magogo msituni, alichimba dhahabu, alifanya kazi ya reli. Kazi hizo zote zina jambo moja: mtu hulipwa kwa kitu kilichokwisha, si kwa kitu kinachofikiriwa.

Mwaka 1916 mwongoza picha mkubwa wa wakati ule, D. W. Griffith, alitoa picha yake iliyoitwa Intolerance. Ilikuwa kazi kubwa mno, yenye majengo marefu kama ngome na makundi makubwa ya watu, na Van Dyke alikuwa mmoja wa wasaidizi wake. Hapo alijifunza jinsi ya kuwapanga watu wengi ili kila mmoja ajue mahali pake kabla kamera haijaanza kuzunguka. Mwaka uliofuata, 1917, aliongoza picha zake mwenyewe kwa mara ya kwanza, tena si moja bali kadhaa katika mwaka ule ule mmoja. Baada ya hapo kwa muda wa miaka kumi alitengeneza picha za farasi na bastola, na hadithi za vipande vipande zilizoonyeshwa kila wiki. Picha hizo zilikuwa za bei ndogo, na aliyechelewa kuzimaliza hakupewa nyingine.

Kwa nini dakika ni fedha

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze mambo ya kazi yenyewe, maana mtu asiyejua gharama hawezi kujua thamani ya haraka.

Siku zile picha zilichukuliwa juu ya utepe wa filamu wenye upana wa milimita 35. Katika futi moja ya utepe huo hukaa picha ndogo 16. Picha zenye sauti hupita mbele ya taa picha 24 kwa kila sekunde, basi dakika moja yahitaji picha 1,440, yaani futi 90 za utepe. Tukio la dakika moja likirudiwa mara kumi, futi 900 zimekwisha, na katika hizo ni 90 tu zitakazoonekana na watazamaji. Zilizobaki ni hasara. Tena utepe ulikuwa sehemu ndogo ya gharama. Wakati tukio linaporudiwa, wachezaji wanalipwa, mafundi wa taa wanalipwa, maseremala wanalipwa, na wenye farasi wanalipwa ingawa farasi wamesimama tu wanakula majani. Mwongozaji asiyejua anachotaka huweza kuwaweka watu mia moja juani mpaka jioni, na siku ikatoka bure.

Van Dyke alikuwa na desturi ya kupiga picha ya tukio mara moja, akaona inatosha, akaendelea mbele. Ndiyo sababu alipewa jina la utani la "Woody wa Mara Moja". Watu wengine walimcheka, wakidhani ni mtu asiyejali kazi. Lakini anayelitazama jambo hili kwa makini ataona ya kuwa kufanya mara moja kuna kazi nyingi iliyotangulia.

Sisi watu wa pwani tunao mfano wake. Jahazi jipya likiwa tayari kushuliwa, hungoja maji makuu ya bamvua. Siku yenyewe ikifika, kazi huonekana nyepesi: watu wanashika kamba, mmoja anaanza wimbo, wote wanaitika, na chombo kinashuka majini upesi. Mgeni aliyefika saa ile atasema, "Kumbe kushua jahazi ni kazi ya dakika chache!" Hakuona kalafati ya majuma, wala magogo yaliyopangwa chini, wala mzee aliyehesabu siku za mwezi. Bamvua haimngoji mtu. Aliyejitayarisha hushua mara moja, na asiyejitayarisha hubaki na jahazi lake mchangani mpaka bamvua nyingine.

Hivyo ndivyo alivyofanya Van Dyke. Alijua kabla ya kufika kazini ni vipande gani vitakavyounganishwa, akavipiga hivyo tu. Alichagua wachezaji wanaojua kazi, akawaacha waicheze. Aliamini kwamba mchezaji husema maneno yake kwa uhai mara ya kwanza, na kila akirudia hupungua, kama chai inayoongezwa maji.

Visiwa vya kusini

Sifa yake ilianza kuenea mwaka 1928. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, yenye alama ya simba angurumaye, ilituma watu Tahiti, katika bahari ya Pasifiki, watengeneze picha iitwayo White Shadows in the South Seas. Mmoja wao alikuwa Robert Flaherty, mtu aliyejulikana kwa utaratibu na uvumilivu. Kabla ya hapo Flaherty alikaa Samoa zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya picha moja tu, akiishi na wenyeji na kuwatazama kazi zao. Van Dyke alipelekwa pamoja naye. Njia zao hazikuweza kupatana: mmoja alitaka kungoja mpaka nchi imwonyeshe hadithi, na mwingine alikuja na hadithi tayari. Flaherty akajitoa, na Van Dyke akaimaliza kazi. Mpiga picha wao, Clyde De Vinna, alipewa tuzo ya Oscar kwa picha hiyo, na ilikuwa ya kwanza ya kampuni ile kutolewa pamoja na muziki na sauti.

Wenye kampuni waliona faida. Wakasema, mtu huyu aweza kupelekwa mahali pa mbali na pagumu, naye atarudi na picha. Basi wakamtafutia mahali pagumu zaidi, nako ni kwetu.

Safari ya Afrika ya Mashariki

Mwaka 1927 kilikuwa kimetoka kitabu cha maisha ya mzee mmoja Mwingereza, Alfred Aloysius Smith, aliyejiita Horn. Mzee huyo alikuwa mchuuzi maskini wa Johannesburg, akipita milango ya watu na bidhaa zake, na Bibi Ethelreda Lewis akaandika masimulizi yake ya biashara ya pembe katika pwani ya magharibi ya Afrika. Kitabu kilinunuliwa sana Marekani. Kampuni ikanunua haki ya kukifanya picha, ikampa Van Dyke kazi ya kuiongoza. Msomaji aangalie jambo hili: hadithi ilikuwa ya Afrika ya Magharibi, lakini picha ilichukuliwa Afrika ya Mashariki. Kwa macho ya Hollywood, Afrika ilikuwa mahali pamoja.

Katika mwaka wa 1929 Van Dyke na watu wake walifika, pamoja na shehena kubwa ya mitambo, wakasafiri na kupiga picha kwa muda wa yapata miezi saba katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji. Maporomoko ya Murchison, pale mto Nile unapojibana katika mwamba mwembamba, yamo katika picha hiyo. Mchezaji mkuu alikuwa Harry Carey, na pamoja naye Duncan Renaldo na msichana aliyeitwa Edwina Booth. Nafasi ya mchukua bunduki wa Horn ilichezwa na mtu wa Kenya, Mutia Omoolu.

Huku Afrika, haraka ya Van Dyke ilikutana na mambo yasiyopangika. Mvua haikusoma ratiba yake. Wanyama hawakuja walipoitwa. Mbu hawakutofautisha mwongozaji na mpagazi: watu wengi wa kundi walishikwa na malaria, hata Van Dyke mwenyewe. Tena ilikuwa wakati wa mageuzi makubwa, maana picha bubu zilikuwa zinakufa na picha zenye sauti zinazaliwa. Mitambo ya sauti ya siku zile ilikuwa mizito na yenye kudeka, nayo ililetwa porini penye joto, vumbi na unyevu. Kundi liliporudi Marekani, ilionekana kuwa sehemu kubwa ya maongezi haifai, ikabidi yachukuliwe upya California. Kwa ajili hiyo Mutia aliitwa avuke bahari, akaenda Hollywood kurudia maneno aliyokwisha kuyasema nyumbani. Mtu wa mara moja alilazimika kufanya mara mbili.

Hasara haikuwa ya utepe tu. Edwina Booth alirudi mgonjwa, akakaa katika ugonjwa muda mrefu. Aliishtaki kampuni, na shauri likamalizika kwa mapatano nje ya mahakama. Kazi yake ya senema ikafifia upesi, akajitenga na watu kabisa, hata wengi walidhani amekwisha kufa zamani. Kwa kweli aliishi mpaka mwaka 1991.

Yako mambo mengine mazito zaidi. Imeandikwa kwamba katika safari ile Mwafrika mmoja aliyekuwa kazini alianguka mtoni akaliwa na mamba, na mwingine akauawa na kifaru aliyemshambulia. Katika masimulizi hayo, ambayo hurudiwa kila mara habari za picha hii zinapoandikwa, jina la msichana mgonjwa latajwa, na jina la mwongozaji latajwa, lakini wale wawili husemwa tu kuwa ni "mwenyeji mmoja" na "mwenyeji mwingine". Walikuwa na mama zao, na vijiji vyao viliwangoja. Nadhani kila msomaji wa gazeti hili anayejua maana ya kumngoja mtu asiyerudi ataelewa kwa nini nimeliandika jambo hili.

Picha yenyewe, Trader Horn, ilitolewa mwaka 1931. Iligharimu zaidi ya dola milioni moja, fedha nyingi mno kwa wakati ule, lakini watu walijaa kuitazama, na ikatajwa miongoni mwa picha zilizoshindania tuzo ya picha bora ya mwaka. Van Dyke aliandika pia kitabu cha safari yake. Kwa kampuni, hesabu ilikuwa imefungwa vizuri.

Mabaki ya utepe

Lakini hesabu haikuishia hapo. Kundi lilirudi na utepe mwingi kuliko uliohitajiwa: tembo, viboko, mamba, makundi ya wanyama na wenyeji wakicheza ngoma. Mtu mwenye akili ya kuokoa gharama hatupi mabaki. Basi mwaka 1932 Van Dyke akaongoza picha nyingine, Tarzan the Ape Man, na mabaki yale ya Afrika yakatiwa ndani yake. Mchezaji wake alikuwa Johnny Weissmuller, mwogeleaji aliyekwisha kupata medali tano za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya 1924 na 1928. Safari hii hakuna aliyekuja Afrika. Wachezaji walisimama California mbele ya picha zilizochukuliwa kwetu. Tembo walikuwa wa Kihindi, wenye masikio madogo, basi wakafungwa masikio makubwa ya bandia wapate kufanana na wa Afrika. Hata Edgar Rice Burroughs, aliyeandika hadithi ya Tarzan, hakupata kukanyaga bara letu.

Katika picha hiyo uko mlima mrefu wa kubuniwa ambao watu wanaukwea wakitafuta makaburi ya tembo, nao waitwa Mutia. Jina ni lile lile la mtu wa Kenya aliyebeba bunduki ya Horn. Mtu alikwenda Hollywood, na jina lake likageuzwa mlima usiokuwako.

Picha ilipendwa sana, na zikafuata nyingine nyingi za Tarzan kwa miaka mingi, zilizoongozwa na watu wengine. Hivyo miezi saba ya haraka ya mwaka 1929 ilitumika tena na tena, na watoto wa London na Chicago walikua wakidhani kuwa Afrika haina miji ya pwani, haina majahazi, haina vitabu wala misikiti wala shule, ila msitu na ngoma na mamba anayejitosa mtoni. Nao hawakudanganywa na mtu mwenye chuki. Walidanganywa na akiba ya utepe uliokwisha kulipiwa.

Siku za sifa

Ili tusimwonee Bwana Van Dyke, yatupasa kueleza pia mazuri aliyoyafanya baadaye, maana hayo ndiyo yanayomfanya akumbukwe.

Alikwenda Alaska, nchi ya barafu, akatengeneza picha iitwayo Eskimo, iliyotolewa mwaka 1933. Humo mchezaji mkuu alikuwa Ray Mala, mzaliwa wa Alaska, na wenyeji walisema lugha yao wenyewe, maneno yakaandikwa kwa Kiingereza ili watazamaji wafahamu. Picha hiyo ndiyo ya kwanza kupewa tuzo ya Oscar ya ukataji na uunganishaji wa filamu. Twaona basi kwamba mtu yule yule aliyemfanya Mwafrika mchukua bunduki aliweza, alipotaka, kumfanya mwenyeji wa nchi awe shujaa wa hadithi.

Mwaka 1934 alitoa The Thin Man, hadithi ya kuchekesha ya mpelelezi na mkewe. Ilipigwa kwa muda wa yapata wiki mbili tu, ambapo picha nyingine za namna hiyo zilichukua muda mrefu zaidi. Yasimuliwa kwamba siku ya kwanza Van Dyke alimwambia mchezaji wake, William Powell, apite tu katika tukio lake polepole, aseme maneno ovyo, ili mafundi wapime taa na sauti. Powell akafanya kwa raha, kama mtu asiyetazamwa. Alipomaliza akamsikia mwongozaji akisema kuwa imekwisha, picha imepatikana. Kamera ilikuwa inazunguka wakati wote. Mchezaji mwenzake, Myrna Loy, alieleza jinsi alivyoambiwa aingie chumbani amebeba vifurushi, mbwa akimvuta, aanguke kifudifudi sakafuni, bila mazoezi. Akaanguka, na ikawa basi. Katika picha hiyo haraka haikumwumiza mtu, tena ilileta wepesi na kicheko ambacho mazoezi mengi yangekiua. Van Dyke akatajwa miongoni mwa waliostahili tuzo ya mwongozaji bora.

Alitajwa mara ya pili kwa picha ya San Francisco ya mwaka 1936, inayoonyesha tetemeko la ardhi lililouvunja mji huo tarehe 18 Aprili 1906. Mara zote mbili tuzo ilichukuliwa na Frank Capra. Lakini liko jambo katika picha hiyo linalompa heshima kuliko tuzo. Mwalimu wake wa zamani, D. W. Griffith, alikuwa amesahauliwa na Hollywood, hana kazi. Alipokuja kumtembelea kazini, Van Dyke alimwachia aongoze kipande cha picha. Tena alikuwa na desturi ya kuwapa kazi ndogo ndogo wachezaji wa zamani wa picha bubu waliokuwa wamekwama. Mtu mwenye haraka alipata nafasi ya kuwakumbuka waliotangulia.

Mwaka 1938, picha kubwa ya Marie Antoinette ilipokuwa tayari kuanza baada ya matayarisho ya muda mrefu ya mwongozaji mwingine, kampuni ilimwondoa mtu huyo ikamweka Van Dyke, kwa sababu ya upesi wake. Picha yake ya mwisho, ya mwaka 1942, ilihusu mtoto wa London aliyepoteza wazazi kwa mabomu ya vita. Alifariki tarehe 5 Februari 1943, umri wake miaka 53, akiwa ameongoza picha zipatazo tisini.

Tujifunze nini?

Methali zetu zina mikono miwili. Mmoja wasema "Haraka haraka haina baraka", na wa pili "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Mwalimu akitaka kutuharakisha hutumia ya pili, na akitaka kutukemea hutumia ya kwanza. Maisha ya Van Dyke yanatuonyesha mahali pa kila moja. Katika chumba cha California, ambapo taa ilikuwa yake, sakafu yake na mchezaji anajua kazi, haraka ilikuwa tunda la matayarisho, nayo ilikuwa na baraka. Lakini ukingoni mwa mto wa Afrika, ambapo hakujua mvua wala maji wala mnyama, haraka ile ile ililipiwa na wengine: msichana mmoja kwa afya yake, watu wawili kwa roho zao, na bara zima kwa sura yake mbele ya dunia. Basi mtu akisifiwa kwa kumaliza upesi, si vibaya kuuliza, "Aliokoa gharama ya nani, na nani aliyelipa?"

Nasi wa Cabo Delgado tunao mfano wa njia nyingine, tena karibu nasi. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda kudai haki yao walipigwa risasi na Wareno. Baada ya Uhuru watu wa Mueda walikuwa wakikumbuka siku hiyo kila mwaka kwa kuicheza hadharani, wao wenyewe wakiwa wachezaji. Ruy Guerra, mwongoza picha aliyezaliwa Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, mwaka ule ule wa 1931 ambao Trader Horn ilitolewa, alikuja na kamera. Hakuwaletea hadithi. Aliwakuta wanayo, akaichukua wanavyoicheza, pamoja na maneno ya walioyaona mauaji kwa macho yao. Picha hiyo, Mueda, Memória e Massacre, ya mwaka 1979, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, haina mamba wala tembo. Lakini mtu wa kule uwandani akiitazama hamwoni "mwenyeji mmoja". Anaona watu wa nchi yake wakisimulia jambo lao.

Kamera ya leo imo mfukoni mwetu, wala haihesabu futi za utepe. Twaweza kupiga picha mia moja kabla ya chakula cha mchana, na kuzipeleka mbali kabla ya jioni. Katika miaka hii ya msiba tangu Oktoba 2017, wageni wengi wamepiga picha za pwani yetu upesi upesi, wakaenda zao. Wako miongoni mwenu, wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule, watakaotaka kufanya kazi hiyo wenyewe. Ninawaombea upesi wa Bwana Van Dyke katika kujitayarisha. Lakini kabla ya kuondoka mahali, mwulizeni kila mtu aliyesimama mbele ya kamera, na kila aliyebeba mzigo nyuma yake, jina lake nani, mkaliandike.